Maswali ya kuepuka kwenye usaili wa kazi, na wakati wake sahihi

Mtu aliyeitwa kwenye usaili huwa amejiandaa kujibu, lakini mara nyingi hajajiandaa kuuliza. Amepitia madaftari yake ya chuo, amepiga pasi nguo, amepanga vyeti halisi ndani ya bahasha, amefika mapema na amejibu vizuri kwa dakika ishirini, kisha mwenyekiti wa jopo anaweka kalamu chini na kusema, "Na wewe una swali lolote kwetu?" Hapo ndipo nimewaona wasailiwa wazuri wakipoteza kazi waliyokuwa karibu kuipata. Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka kadhaa, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu huniuma kumwona kijana mwenye uwezo akiangushwa na swali ambalo angeweza kuliuliza wiki mbili baadaye bila madhara yoyote.

Maneno hayo, "wiki mbili baadaye", ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Maswali mengi nitakayoyataja si mabaya. Mshahara, likizo, kituo cha kazi na bima ya afya ni mambo ambayo mfanyakazi ana haki ya kuyajua kabla hajatia saini. Lakini siku ya usaili mwajiri bado hajaamua kukuchukua, na kila mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama mbele yake akitafuta jibu la jambo moja: je, mtu huyu ataiweza kazi hii? Swali linalomsaidia kulijibu hilo linakuongezea, na swali linalompeleka kwingine linakupunguzia. Ukishapewa barua ya kuajiriwa, hali inageuka, kwa kuwa sasa yeye ndiye anayesubiri ukubali.

Mifano yangu ni ya Tanzania Bara, ambako ninazifahamu taratibu na sheria zake. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, na Kenya ina Sheria ya Ajira ya 2007. Msomaji wa huko atakuta hatua zenyewe zinamfaa, ila vifungu na viwango atavitafuta kwenye sheria za kwao.

Hatua ya kwanza: jijibu mwenyewe maswali ambayo majibu yake yako hadharani

Anza siku ile ile unayopata wito wa usaili. Andika kwenye karatasi kila unachotaka kujua kuhusu mwajiri, kisha tafuta majibu bila kumuuliza mtu wa jopo. Swali la "ninyi hasa mnashughulika na nini?" au "ofisi yenu ina matawi mangapi?" linaliambia jopo kwamba uliomba kazi bila kujua unaiomba kwa nani, na hakuna jibu zuri la kitaalamu litakalofuta picha hiyo.

Chukua mfano wa wahandisi wa barabara. Wakala wa Barabara Tanzania, yaani TANROADS, ulianzishwa mwaka 2000 na unasimamia barabara kuu na barabara za mikoa. TARURA ulianzishwa mwaka 2017 na unasimamia barabara za vijijini na mijini zilizokuwa chini ya halmashauri. Msailiwa anayeuliza kwenye usaili wa TARURA kuhusu upanuzi wa barabara kuu ya kwenda mkoa wa jirani anaonyesha kwamba hajui mpaka wa kazi anayoiomba, hata kama hesabu zake za uhandisi hazina dosari. Kosa hilo lingezuiwa kwa kusoma kurasa mbili tu.

Kwa taasisi za umma, soma sheria iliyoianzisha taasisi hiyo, hasa sehemu inayotaja majukumu, kwa sababu maswali ya jopo mara nyingi huanzia hapo. Benki huchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka kwenye magazeti, na kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa ripoti za mwaka ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, maarufu kama ripoti za CAG, nazo huwekwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, na zinataja taasisi kwa majina. Zisome, lakini uwe mwangalifu na matumizi yake. Kuuliza, "Kwa nini CAG alisema mna hasara?" ni kuwashtaki watu ambao pengine hawakuwa hata na mamlaka juu ya jambo hilo. Kama unaomba kazi ya uhasibu au ununuzi, ujuzi ule ule uutumie kwa namna nyingine: eleza, utakapoulizwa, jinsi ambavyo ungehakikisha nyaraka za malipo zinakamilika kabla ya ukaguzi. Jopo litaelewa kwamba umesoma.

Tangazo la kazi lenyewe lisome tena usiku wa kuamkia usaili. Nimewahi kumsikia msailiwa akiuliza kama kazi ingemtaka asafiri, wakati sentensi ya tatu ya tangazo ilisema kwamba nusu ya muda ingetumika vijijini. Mjumbe aliyekaa kando yangu aliandika kitu kwenye karatasi yake, na sikuhitaji kuchungulia.

Hatua ya pili: swali la mshahara lisubiri, lakini hesabu yake uifanye nyumbani

Katika nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, swali la mshahara halina maana hata kidogo, kwa kuwa ngazi ya mshahara huwa imeandikwa kwenye tangazo na jopo halina uwezo wa kuibadilisha. Ukiliuliza pale unaonyesha tu kwamba tangazo hukulisoma.

Kwenye kampuni binafsi, asasi na miradi, kiasi huwa kinajadiliwa, na ndiyo maana kishawishi cha kuuliza ni kikubwa. Usiulize wewe kwanza kwenye usaili wa awali. Ukiuliza mapema, unapanga bei ya kitu ambacho mnunuzi bado anakichunguza, na mara nyingi kiasi kitakachotajwa kitakuwa cha chini kuliko kile ambacho angekubali baada ya kuamua kwamba ni wewe anayekutaka. Pia usitaje shida zako kama sababu ya kiasi unachotaka. Kodi ya nyumba, ada za wadogo zako na matibabu ya mzazi ni mizigo ya kweli, ninaijua, lakini mshahara hupangwa kwa uzito wa kazi, na jopo halina mahali pa kuandika mzigo wako.

Huenda jopo likaanza lenyewe: "Unatarajia mshahara kiasi gani?" Hapo usijibu "chochote mtakachonipa", maana jibu hilo linaonyesha kwamba hujui thamani ya kazi yako. Taja kiwango chenye mwanzo na mwisho, na useme wazi kama unazungumzia mshahara kabla ya makato au baada ya makato. Wasailiwa wengi huchanganya viwili hivyo, wakafurahia kiasi kilichoandikwa kwenye barua na kushtuka mwisho wa mwezi.

Hesabu iko hivi. Tuseme mshahara kabla ya makato ni shilingi 1,000,000 katika sekta binafsi. Mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu na mwajiri, ni asilimia 10, yaani 100,000. Kodi inakokotolewa kwenye 900,000 zilizobaki. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, kiasi kinachofuata hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, kutoka hapo hadi 760,000 asilimia 20, na kutoka hapo hadi 1,000,000 asilimia 25. Jumla ya kodi ni 103,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo hapa ni 150,000. Kinachokufikia mkononi ni 647,000. Mtu aliyefanya hesabu hii nyumbani hujibu swali la mshahara kwa utulivu, wala hahitaji kuliuliza kabla ya wakati wake.

Hatua ya tatu: usiulize ambacho sheria imeshakujibu

Likizo ni mfano ulio wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zenye malipo, na inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mwajiri hawezi kukupa pungufu ya hapo, kwa hiyo kuuliza, "Likizo ni siku ngapi?" ukiwa bado hujaajiriwa hakukuletei taarifa yoyote mpya, bali kunaacha picha ya mtu anayetaka kupumzika kabla hajachoka.

Uhamisho ni mada ya jirani na hiyo, na huumiza zaidi. Halmashauri nyingi za pembezoni zina upungufu wa walimu, wauguzi na maafisa ugani kwa sababu watu hupangiwa huko, wakaripoti, kisha wakaanza kuomba kuhama kabla hawajazoea. Jopo linalijua tatizo hilo kuliko wewe. Ukiuliza, "Baada ya muda gani naweza kuomba kuhamia Dar es Salaam?" umewathibitishia kwamba watarudi kutangaza nafasi ile ile mwakani. Kama kweli huwezi kuishi mbali na mjini, uamuzi huo ulipaswa kufanywa kabla ya kutuma maombi.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri. Mwenye ulemavu anayehitaji njia ya kiti cha magurudumu, mkalimani wa lugha ya alama au karatasi ya maandishi makubwa anapaswa kuwapigia simu au kuwaandikia kabla ya siku yenyewe. Hilo si ombi la upendeleo. Ni maandalizi ya kumwezesha kusailiwa kwa haki, na linapaswa kusemwa bila kunyenyekea kupita kiasi. Kuhusu lugha pia, kama usaili umeanza kwa Kiingereza nawe unajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, omba mara moja mwanzoni: "Mwenyekiti, naomba kuuliza kama inaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili." Ukikataliwa, endelea. Kibaya ni kusubiri mpaka ukwame kwenye swali la nne ndipo uombe, kwa sababu hapo ombi lako litaonekana kama njia ya kulikimbia swali.

Hatua ya nne: mwajiri wako wa zamani umwache alipo

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu wazima wenye uzoefu kuliko vijana, na ningeomba isomwe mara mbili.

Swali la "kwa nini uliacha kazi yako ya awali?" linaonekana dogo, kumbe linafungua mlango wa uchungu wa miaka. Mtu aliyedhulumiwa posho, aliyenyimwa cheo alichostahili, au aliyefanya kazi chini ya meneja mkali hupata kwa mara ya kwanza watu watano waliotulia wakimsikiliza, na maneno yanamtoka. Nilimsikiliza mama mmoja, mtunza ghala hodari, aliyejibu kila swali la utunzaji wa stoo kwa ufasaha ambao sikuwa nimeusikia siku nzima; kisha akatumia dakika nane kueleza jinsi bosi wake wa zamani alivyokuwa akiwapendelea ndugu zake. Ninaamini alisema kweli tupu. Lakini jopo halikuwa na njia ya kuthibitisha, na mjumbe mmoja aliuliza baadaye, kwa haki kabisa, kama nasi tungezungumzwa hivyo kwenye usaili wake unaofuata. Kazi alipewa mwingine ambaye hakumfikia kwa ujuzi. Jambo hilo bado linanisumbua, na yeye ni mmoja wa watu ninaowaandikia ukurasa huu.

Jiandalie sentensi mbili, na ukizimaliza unyamaze. Kama ulipunguzwa kazi, sema ulipunguzwa: "Mradi ulifikia mwisho Juni, na mikataba ya wote waliokuwa chini yake iliisha." Kama uliondoka kwa sababu ya malipo madogo, sema unatafuta nafasi yenye majukumu makubwa zaidi, kisha taja jukumu moja kwenye tangazo linaloonyesha ukubwa huo. Kama uliachishwa na shauri likafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, usilitaje usipoulizwa, na ukiulizwa usidanganye. Eleza kwamba palikuwa na mgogoro, ulifuata njia ya kisheria, na lilimalizika, au linaendelea. Kudanganya kwenye jambo lenye nyaraka ni kujichimbia shimo, kwa sababu wadhamini wako watapigiwa simu.

Kuna sura ya pili ya kosa hili ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wapo wanaotaka kumvutia mwajiri mpya kwa siri za mwajiri wa zamani: orodha ya wateja wakubwa, bei zilizowekwa kwenye zabuni, udhaifu wa mfumo wa malipo. Mjumbe wa jopo anaweza hata kukuchokoza uziseme. Jibu linalofaa ni la heshima na fupi: "Taarifa hizo ni za ofisi yangu ya zamani, naomba nisizitaje, lakini naweza kueleza jinsi ninavyotafuta wateja wapya." Nimeona jibu la aina hiyo likimpa msailiwa alama za juu, kwa kuwa mwajiri anatafuta mtu atakayezilinda na siri zake.

Hatua ya tano: acha majina ya wakubwa nje ya mlango

Usiulize, "Je, fulani bado yupo hapa? Ni mjomba wangu." Usimtaje mkurugenzi, diwani wala mbunge. Wapo wanaodhani jina kubwa linasaidia, na sitadai kwamba kujuana hakujawahi kumpa mtu kazi. Lakini ukilitaja jina mbele ya jopo unawaweka wajumbe mahali pagumu: akikupa alama za juu ataonekana amekupendelea, na mjumbe mwadilifu atajilinda kwa kukupunguzia. Kama una undugu na mmoja wa waliokaa mezani, hilo ni jambo jingine. Liseme mwanzoni kwa sentensi moja ili mhusika ajiondoe, nawe uendelee na usaili wako ukiwa huna cha kuficha.

Maneno kama "nitawashukuru" au "tutaonana pembeni" yasikutoke hata kwa nia njema. Kuahidi au kutoa chochote ili upewe kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, na kosa hilo linamhusu anayetoa kama linavyomhusu anayepokea. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 25, inakataza mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira. Mtu yeyote akikuambia kwamba nafasi yako inategemea kukutana naye hotelini, hilo si swali la usaili na huna wajibu wa kulijibu kwa adabu. Ondoka, tunza ujumbe alioutuma, na upige namba 113 ya TAKUKURU, ambayo haina malipo.

Hatua ya sita: dini, kabila, siasa na nyumbani kwako

Sisi ni watu wa kusalimiana kwa kirefu, na kuulizana "wewe ni mtu wa wapi?" ni sehemu ya ukarimu wetu. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana hutaniana hata msibani. Ndani ya chumba cha usaili, utani huo uache. Hujui nani kati ya wajumbe ataupokea, na hata akiupokea, wenzake wataona mnajengeana udugu wa nje ya kazi. Salimia mara moja kwa jopo zima. "Shikamoo" kwa jopo la watu wazima si kosa, kwa maoni yangu, ila usizunguke meza ukimwamkia mmoja mmoja. Mjumbe mwanamke usimwite "mama" wala "dada", na mwanamume usimwite "mzee". "Mwenyekiti" au cheo alichojitambulisha nacho kinatosha.

Vivyo hivyo, usianzishe wewe mazungumzo ya chama unachokiunga mkono, kanisa au msikiti unaosali, ndoa yako au malezi ya watoto. Watu wengi huanzisha mada hizi bila kujua, wanapoambiwa "jitambulishe". Wanaanza na mahali walipozaliwa, wanafika kwa mume na watoto watatu, wanamalizia na kipaimara. "Jitambulishe" kwenye usaili maana yake ni jina, elimu inayohusiana na kazi, uzoefu, na sababu ya kuomba nafasi ile, ndani ya dakika mbili.

Na kama ni jopo lenyewe linaloyauliza? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na mengineyo, na kinasema wazi kwamba ulinzi huo unamhusu pia mtu anayeomba kazi. Kenya nako, kifungu cha 5 cha sheria ya 2007 kinamlinda anayetafuta ajira. Hata hivyo maswali haya bado yanaulizwa, na wanawake ndio wanaoulizwa zaidi: "Umeolewa? Mtoto wa mwisho ana umri gani? Utazaa tena lini?"

Una njia tatu, na uchague kulingana na chumba kilivyo. Ya kwanza, ambayo ninaipendekeza mara nyingi, ni kulijibu lile lililo nyuma ya swali. Anayeuliza kuhusu watoto huwa anahofia kwamba hutasafiri au utachelewa, mjibu hofu yake: "Ninaelewa kazi hii ina safari za wilayani kila mwezi, na ratiba hiyo ninaimudu." Ya pili ni kuuliza kwa upole: "Naomba kufahamu, hilo linahusiana vipi na majukumu ya nafasi hii?" Liseme kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, maana ukilisema kwa hasira usaili umekwisha. Ya tatu ni kukataa: "Ningependa nisilizungumzie hilo, lakini niko tayari kwa swali lolote la kazi." Swali la hali yako ya VVU ulijibu kwa njia hii ya tatu bila kusita.

Ukirudi nyumbani, andika tarehe, majina ya wajumbe kama yalitajwa, na maneno yenyewe ya swali wakati bado unayakumbuka. Ukiona kwamba mwajiri binafsi alikunyima kazi kwa ubaguzi, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni siku 60. Muda huo hupita haraka kwa mtu anayeendelea kutafuta kazi kwingine.

Hatua ya saba: dakika ya mwisho

Sasa turudi kwa mwenyekiti aliyeweka kalamu chini. Usiseme, "Sina swali," maana unaifunga nafasi uliyofunguliwa. Usiulize pia, "Mmenionaje? Nimefaulu?" kwa kuwa alama bado hazijajumlishwa, na unawalazimisha wajumbe kukudanganya au kukunyamazia. Swali la kupandishwa cheo liache vile vile.

Njoo na maswali matatu, uulize moja au mawili. Zuri kuliko yote ninayoyajua ni hili: "Katika miezi mitatu ya kwanza, ni kazi gani mngependa kuiona imekamilika?" Linamfanya mwajiri akuone tayari umekaa kwenye meza ile, na jibu lake litakueleza ukweli wa kazi kuliko tangazo lilivyokueleza. Unaweza pia kuuliza kama nafasi ni mpya au inajazwa baada ya mtu kuondoka, na mwenye nafasi hiyo anaripoti kwa nani. La mwisho liwe la utaratibu: "Matokeo yatatolewa kwa njia gani, na baada ya muda gani?" Kisha shukuru, kusanya vyeti vyako bila haraka, na utoke.

Hatua ya nane: siku barua ya ajira inapofika

Leta sasa ile karatasi uliyoiandika siku ya kwanza. Maswali yote uliyoyazuia yana mahali pake hapa, na kuyanyamazia tena kutakuwa kosa kubwa kuliko kuyawahisha. Kabla ya kutia saini, omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani kwa siku moja au mbili. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa na mafao mengine. Pitia kimoja baada ya kingine. Uliza kama kiasi kilichoandikwa ni kabla ya makato, kama bima ya afya inawahusu wategemezi, muda wa majaribio ni miezi mingapi na utapimwa kwa vigezo gani, na nauli ya kwenda kwenye kituo cha kazi inalipwa na nani. Kama una mtihani wa bodi mwezi Novemba, sema sasa. Kama ibada yako ya Jumamosi au sala ya Ijumaa inagongana na zamu, sema sasa pia, kwa maandishi.

Na kama bado uko kazini kwingine, usikubali tarehe ya kuanza kabla ya kuhesabu notisi yako: kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka isiwe chini ya siku 28, na mkataba wako wa sasa unaweza kutaka zaidi. Mweleze mwajiri mpya tarehe unayoweza kufika, umwombe aiandike kwenye barua, ndipo uandike ile ya kuacha kazi.